Tatizo ni Wifi Yako

Jino liliniuma Jumanne, na nilimwambia mtu mmoja tu, wifi yangu, tena tukiwa tumekaa wawili peke yetu sebuleni. Asubuhi yake nashuka ngazi kwenda kazini, namkuta Mama Mapacha wa ghorofa ya chini yetu anafagia mlangoni kwake. Akaniambia, "Pole na jino, dada. Sukutua na maji ya chumvi." Nikamshukuru, nikaendelea na zangu. Nilipofika barabarani ndipo miguu ikasimama yenyewe. Huyu mwanamke jino langu kalijulia wapi?

Shavu halikuwa limevimba. Na mimi si mtu wa kulialia, hata sindano ya cherehani iliponipita kidoleni nilimaliza kwanza upindo wa pazia la watu. Nikasema labda wifi kamwambia. Lakini wifi siku hiyo alitoka alfajiri kuwahi shuleni, na mara zote anapita pale kwa Mama Mapacha kama anafukuzwa, kwa sababu hapendi umbea. Nikakaa nalo moyoni kutwa nzima, nashona huku nawaza, mpaka bosi akaniuliza kama nimegombana na mtu.

Kwetu watu ni wachache, vitu ndio vingi. Kaka yangu ni mpima macho. Kutwa yuko dukani kwake anawaambia watu wapumzishe macho, wasikodolee simu. Akirudi nyumbani anavua viatu na kukodolea televisheni ambayo siku inaletwa ilibidi mlango ung'olewe. Juu ya televisheni kuna kamera, ati akiwa kazini aweze kuona nyumba yake kwenye simu. Friji lina kioo cha kukuonyesha kilichomo ndani, utadhani kufungua mlango wa friji ni kazi ya kubeba zege. Taa haziwashwi kwa mkono, zinaambiwa. Juu ya kabati kuna kispika cha duara kinachojibu hata usipokiuliza. Siku moja naimba zangu jikoni, kikanikatiza kuniuliza kama nahitaji msaada. Nilikitukana, na kikaniomba radhi kwa adabu, jambo lililonikera zaidi.

Wifi yangu ni mwalimu. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyekuja kunichukua, wala si kaka. Alinikuta nimekaa chini katikati ya chumba, akasema utakaa humu peke yako unaongea na nani, akaanza kufunga vitu vyangu bila kungoja jibu. Mimi ni wifi yake na yeye ni wifi yangu, neno moja linatutosha wote wawili, na tulikuwa tunaitana hivyo kutwa kucha. Ndugu wa tumbo moja naye ninaye, lakini nikiwa na neno zito nilikuwa namtafuta wifi kwanza.

Basi baada ya jino yakafuata mengine. Muuza duka akamuuliza wifi kama kile kiti kilichovunjika kimeshapata fundi. Kiti kilivunjika sebuleni, mlango umefungwa. Mlinzi wa getini akamcheka kaka kwamba mechi ya jana imemfanya amwage chai mapajani. Kaka akacheka naye, akasema labda alipiga kelele. Mimi sikucheka. Kelele inasikika, lakini chai iliyomwagika mapajani haina sauti.

Nyumba ikaanza kubadilika. Wifi akawa akiongea anashusha sauti na kutupia jicho mlangoni. Mimi nikaanza kumchunguza anasimama na nani akitoka shuleni, na sioni haya kusema kwamba siku moja nilimfuata kwa nyuma mpaka sokoni. Hakusimama na mtu ila muuza nyanya. Yeye naye nilimwona ananitazama nikiongea na simu, kisha nikiinua macho anajifanya anasahihisha madaftari. Tulikuwa tunakula sahani moja, na kila mmoja anajiuliza mwenzake ana mdomo wa namna gani.

Na hapo lile jambo kubwa lilikuwa bado.

Wifi na kaka wameoana miaka mingi na hawajapata mtoto. Maneno yote ya ukoo yalikuwa yanamwangukia yeye. Shangazi zetu hawamwiti jina, wanamwita "yule wa kaka yenu". Amekunywa dawa za kila aina, ameombewa, amesemwa mpaka akaacha kwenda kwenye harusi. Hatimaye wakaenda kupima wote wawili, hospitali ya mbali, wasionane na wanaowajua. Jioni moja kaka hajarudi, tumekaa kwenye kochi, televisheni inaonyesha watu wanashindana kucheza, ndipo wifi akaniambia, macho yako kwa wachezaji: "Si mimi, wifi. Majibu yametoka. Ni yeye." Nikamshika mkono. Akasema kaka amemwomba kwa machozi asimwambie kiumbe, na yeye ameshindwa kubeba peke yake, amebeba ya watu miaka yote hiyo. Nikamwapia kwamba limeingia kwangu na halitatoka. Nililimeza kweli. Hata kwenye sala sikulitaja.

Wiki iliyofuata kaka akaenda kunyoa. Kinyozi yuko jengo letu hilihili, chini kabisa, na ni mtu wa mizaha. Akiwa amefika katikati ya kichwa akamwambia kaka ale mbegu za maboga kwa wingi, zinasaidia sana wanaume kwenye mambo ya kupata watoto. Watu waliokuwa wanangoja zamu wakaangua kicheko, mmoja akaongeza kwamba hata akila gunia. Kaka akajitoa kitambaa shingoni, akatoka. Alirudi nyumbani upande mmoja wa kichwa umenyolewa na upande mwingine una nywele, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Nimemwona kaka yangu kwenye misiba miwili ya wazazi wetu, lakini sijawahi kumwona amekaa vile.

Alimuuliza mkewe neno moja tu, umemwambia nani. Wifi hakuweza kudanganya. Akasema, wifi peke yake.

Niliapa kwa kila kitu ninachoweza kuapia. Kaka alivaa kofia akaenda kukaa kibarazani. Wifi ndiye aliyenitetea. Akasema kabla hatujalaumiana, tumwite Fundi Waya, yule anayetengeneza kompyuta za shuleni kwao, aangalie kama kuna mtu anasikiliza simu zetu. Namshukuru kwa hilo mpaka leo, ingawa ndilo lililoniponza.

Fundi Waya alikuja Jumamosi asubuhi, kijana mwembamba, mfuko wa shati umejaa bisibisi. Akafungua kompyuta yake mezani, akawa anazunguka anagusa hiki na kile, anaguna peke yake. Kisha akaomba simu zetu. Kaka akatoa, wifi akatoa, mimi nikakataa. Ndani ya simu yangu kuna sauti za marehemu mume wangu, ananiambia ninunue dawa ya mbu, ananiambia amechelewa basi. Ndizo nilizobaki nazo, na vijana hawa wakigusa kitu wanafuta. Nilimwambia maneno makali, nikamwita mdukuzi na mla hela za wajinga. Kaka akawa ananitazama tu. Wifi alinisihi mpaka nikaitoa, nikasimama juu ya bega la kijana kama mlinzi wa benki. Alipomaliza alipigiwa simu, anahitajika mahali kwa haraka. Akasema atakayoyaona kwenye kompyuta yake atamwandikia mwalimu.

Ujumbe uliingia mchana. Nilikuwa nakunja nguo. Wifi aliusoma amesimama, akaurudia amekaa, kisha akampa kaka. Kaka akausoma, akairudisha simu. Televisheni ilikuwa imesimamishwa katikati ya kipindi, mtangazaji yuko mdomo wazi. Wifi akaninyooshea simu.

"Soma mwenyewe, wifi," akasema. "Nisije nikaambiwa nimekuzulia."

Uliandikwa hivi: "Nimechunguza vifaa vyote, vizima. Tatizo ni wifi yako. Siri zote za ndani zinatokea hapo. Usichelewe, chukua hatua leo."

Nikasema huyu mtoto ananilipizia kwa sababu nilimtukana. Wifi akasema mtu hawezi kuzua kitu kama hicho kwa tusi moja, amekuta kitu kwenye simu yangu, ndiyo maana nilikuwa naificha. Nikamweleza za sauti za mume wangu. Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Mimi nilikupa kitu ambacho hata mama yangu sikumpa," akasema. "Ungeniibia vyombo vyote humu ndani nisingekufukuza. Lakini sasa nikikuona nitanyamaza, na kwenye nyumba yangu nimechoka kunyamaza. Nenda, wifi. Tafadhali nenda."

Nilimtazama kaka. Akageuza uso. Nikaingia chumbani, nikafunga vitu vyangu, nikarudi sebuleni na begi nikiwa nalia mpaka kamasi, nasema jamani nimefanya nini. Hakuna aliyeinuka. Cherehani yangu nikaiacha, sikuweza kubeba begi na cherehani kwa pamoja. Pale ngazini mlango wa Mama Mapacha ulikuwa umefunguka kidogo, nikapita nimeinamisha kichwa.

Bosi wangu alinipa stoo ya nyuma, katikati ya majora ya vitambaa. Nilijilaza juu ya sponji za kochi nikamlaani Fundi Waya kwa majina yote. Wifi sikumlaani. Nilijaribu, ikashindikana. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba atazeeka akiamini nimemuuza.

Jumatatu jioni nikatoka kazini moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha Fundi Waya. Nilikuwa nimejipanga. Nilimkuta ameinamia ubao wa redio, nikamsimamia mbele, nikamuuliza nimemkosea nini mpaka anivunjie nyumba. Akainua uso, ananishangaa. Nikamsomea ujumbe wake wote, maana nilishaukariri. Nilipofika kwenye "tatizo ni wifi yako" nikajipiga kifua na kumwambia, wifi ndiye mimi hapa, haya nithibitishie.

Kijana akaweka chini chuma chake cha kulehemu. Akauliza taratibu, "Mama, kwani mlisomaje pale?"

"Tulisoma ulivyoandika. Wifi."

"Waifai," akasema. "Niliandika waifai. Intaneti ya nyumbani kwenu."

Jamani. Tukiongea, kile kitu tunakiita waifai, lakini kukiandika ni herufi zilezile, wifi, na watu watatu wenye akili zao tuliusoma ujumbe ule hakuna aliyewaza mtambo wa intaneti. Kila mmoja alishakuwa na mtu wake kichwani, herufi zikamfuata huyo huyo. Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Kijana hakucheka, alijishika kichwa, akasema alikuwa anashangaa mbona hawajamjibu. Akanieleza kwamba kaka alichoka kuandika neno la siri kwenye kila kifaa, likiwamo friji, akaliondoa kabisa. Mtambo ukabaki mlango wazi. Na ile kamera ya juu ya televisheni imeunganishwa humo humo, kwa hiyo mtu yeyote wa jengo lile akiwa na simu au televisheni anaweza kuwaona na kuwasikia.

Sikumwamini. Baada ya yaliyonipata, nisingeamini mtu hata akiniambia leo ni Jumatatu. Nikamwambia twende akanionyeshe.

Tulipanda ngazi za jengo letu mpaka nje ya mlango wa Mama Mapacha. Alisimama akabonyeza simu yake mara mbili tatu, akanipa. Sebule yetu ile pale, kochi na kabati na kila kitu. Wifi amekaa na madaftari mapajani, kalamu mkononi, haandiki. Kaka yuko upande wa pili na kofia yake kichwani. Hawaongei. Wifi amekonda uso kwa siku mbili tu. Kisha kaka akakohoa. Nilimsikia kwenye simu, na sekunde ileile nikamsikia nyuma ya mlango wa Mama Mapacha.

Sikubisha hodi. Niliusukuma.

Walikuwa wamepanga viti mistari kama ukumbini. Muuza duka yuko, mlinzi yuko, kinyozi kajaa kwenye kochi, na wanawake wa ghorofa ya juu wamekaa mkekani na bakuli la bisi. Kwenye televisheni ya Mama Mapacha, kaka yangu na wifi yangu wamekaa kimya. Mtu wa mbele, ambaye hakuniona, alikuwa analalamika kwamba tangu Jumamosi hakuna kitu, wamenuna tu.

Mama Mapacha ndiye aliyegeuka. Nilidhani atazima, au hata aone haya kidogo. Akainuka akanikumbatia, machozi yanamlengalenga kweli kweli.

"Dada yangu, umerudi," akasema. "Tulilia sana siku ile unatoka na begi. Muulize hata huyu kinyozi."

Kinyozi akatikisa kichwa kukubali, bisi mdomoni.

Nikamuuliza, "Mlijua si mimi niliyesema?"

"Tulijua, sisi si tulikuwa tunaona kila kitu?"

"Sasa mbona hamkupanda ngazi moja tu mkaniokoa?"

Akanitazama kama nimemuuliza kitu kigumu. Aliwageukia wenzake, wenzake wakamwangalia yeye. "Tungesema, wangezima," akasema. "Na sote tulitaka kuona itaishaje. Panda sasa, mwenzio anateseka. Ila ukikaa, kaa upande wa dirishani, ule mwingine hauonekani vizuri."

Sikumpiga. Fundi Waya alikuwa amenishika mkono, labda ndiyo sababu. Nilitoka, nikapanda, nikabisha nyumbani kwetu kama mgeni. Kaka alifungua, akasogea pembeni. Fundi Waya akabaki kizingitini akaeleza yote, waifai, kamera, viti vya Mama Mapacha. Kaka alianza kusema haiwezekani, kisha akaitazama ile kamera, akashika kofia yake.

Wifi alichukua simu yake, akausoma tena ule ujumbe. Nilimwona midomo ikitamka neno lile kwa namna ya kwanza, halafu kwa namna ya pili. Simu ikamponyoka. Akainuka, madaftari ya watoto wa watu yakamwagika sakafuni, akaja akanipigia magoti katikati ya sebule, yeye mwalimu mzima, analia kwa sauti, anasema nimekuua wifi, nimekuua.

Nilikuwa nimeshamsamehe tangu kule ngazini. Nilitaka kumwinua nilie naye. Lakini mwili ulikataa, kwa sababu nilijua kinyozi anatafuna, na wale wa mkekani wamenyamazishana ili wasikie nitakachosema. Kila neno jema lililonijia mdomoni nililiona kama la kuwafurahisha wao. Nikasimama kama gogo. Wifi akanitazama kutoka chini, akaelewa vibaya, akadhani nimemkataa, akaziba uso kwa mikono yake.

"Kaka," nikasema, "chomoa hicho kitu."

Kaka hakutafuta swichi. Alikamata nyaya zote za nyuma ya televisheni kwa mkono mmoja akavuta, cheche zikaruka na umeme wa nyumba nzima ukakatika. Taa zikazimika, friji likakata mlio, kispika kikaanza kuomba radhi kikaishia katikati. Na chini ya miguu yetu, kupitia sakafuni, tukasikia watu wengi wanaguna kwa pamoja, kama umeme unapokatika mpira uko golini.

Nikapiga magoti nami, nikamshika wifi kichwa, nikakiweka begani kwangu. Tulilia gizani bila kuambiana kitu cha maana. Nilimwambia tu kwamba nipo, naye akawa anasema wifi, wifi.

Hatukukaa hivyo hata dakika mbili, mlango ukagongwa. Kaka akafungua. Mama Mapacha amesimama anahema kwa zile ngazi, bakuli la bisi bado liko mkononi, na nyuma yake wengine wamejipanga mpaka chini.

"Samahani," akasema, anachungulia gizani juu ya bega la kaka. "Kwetu imekatika. Wamepatana?"